Kabla Fundi Hajaiflashi: Orodha ya Programu za Simu Yako na Namna ya Kuzirudisha

Simu ikigoma kuwaka, ikawa inaishia kwenye nembo na kujizima, fundi wa Makumbusho na fundi wa Mbagala Rangi Tatu watakupa jibu moja: "Hii hadi tuiflashi, bosi. Vitu vyote vitaondoka." Mteja akisikia hivyo huwaza picha. Picha za harusi, za mtoto, za msingi wa nyumba ya Chamazi. Akishatulia huwaza namba za watu. Programu hazimuumizi kichwa, kwa sababu ziko bure kwenye Play Store na atapakua upya akifika nyumbani. Jioni simu inarudi haina kitu, kama ilivyotoka kwenye boksi, na ndipo anapogundua mambo mawili: nusu ya programu alizokuwa nazo hazikumbuki, na zile anazozikumbuka hazifunguki.

Mwezi Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima, waliobadilisha simu kwa haraka walihangaikia zaidi majina na namba. Siku hizi mtu wa Tandika au Bunju ana benki ndani ya simu, ana kikoba ndani ya simu, ana kazi ya bodaboda ndani ya simu, na wateja wake wa batiki wako kwenye WhatsApp ya biashara. Vyote hivyo ni programu, na kila moja ina mlango wake: nyingine hufunguliwa kwa laini, nyingine kwa imeili, nyingine kwa vyote viwili pamoja na ujumbe wa namba sita unaoingia kwa meseji. Kwa hiyo kuhifadhi orodha ya majina peke yake hakutoshi. Hifadhi majina pamoja na kile kinachofungua kila jina.

Kuna njia ya simu yenyewe kujihifadhia orodha, na tutaifikia. Lakini anza na karatasi.

Ukurasa mmoja wa daftari

Fungua Mipangilio, ingia Programu, kisha uchague kuona programu zote. Usitegemee zile zilizo kwenye uso wa simu. Nyingine zimejificha ndani ya mafolda na hujazigusa tangu mfungo uliopita. Shuka na orodha kuanzia juu hadi chini. Zilizokuja na simu, kama kikokotoo, saa na redio, ziruke. Kila uliyoiweka mwenyewe, au uliyowekewa, andika mambo matatu: jina lake, inafunguliwa na nini, na ilitoka wapi.

Ukurasa wa mtu wa kawaida utafanana na huu:

M-Pesa: laini ya Voda, jina langu. Play Store.
WhatsApp ya biashara: laini ya Airtel, jina la mama. Play Store.
NMB Mkononi: laini ya Voda. Play Store.
Bolt ya dereva: laini ya Yas na imeili ya kwanza. Play Store.
AzamTV Max: laini ya Yas. Play Store.
Kurani: haina akaunti. Xender, kwa shemeji.

Mstari wa pili ndio wenye kesi. Laini ya Airtel inayobeba wateja wote wa biashara imesajiliwa kwa jina la mama. Simu ikiibwa leo, kurudisha laini ile kunahitaji namba ya NIDA ya mama na kidole cha mama mbele ya wakala au dukani, na mama yuko Muheza. Watu wengi walisajiliana laini kwa namna hii wakati wa usajili wa alama za vidole, siku zile za foleni kabla ya zima zima ya Januari 2020, na mpaka leo hawajarekebisha. Piga *106# uone ni laini zipi ziko chini ya kitambulisho chako. Laini unayoitegemea kwa pesa au kazi ikiwa haimo humo, hilo ndilo jambo la kushughulikia wiki hii, kabla hata ya habari za programu.

Safu ya tatu, ya chanzo, wengi wataiona ya kupoteza wino. Ina kazi yake. Programu iliyotoka Play Store itarudi kwa kubonyeza. Iliyotoka kwa Xender, ile programu ya kurushiana mafaili, au aliyokuwekea fundi kutoka kwenye kompyuta yake, haitarudi yenyewe hata ufanye nini, maana hakuna duka linalokumbuka kwamba uliwahi kuwa nayo. Na Tecno, Infinix na itel zinakuja na duka lao jingine, Palm Store, ambalo halisomani na Play Store. Ukiwa umebonyeza tangazo lililojitokeza na programu ikajipakua, huenda ilipitia huko.

Namba za siri usiziandike kwenye ukurasa huo, wala kwa mafumbo ya mwaka wa kuzaliwa. Andika pembeni IMEI, namba ya utambulisho wa simu: piga *#06# itatokea. Polisi wataihitaji siku ya kuripoti wizi.

Kisha upige picha ukurasa na kumtumia mtu mmoja unayemwamini, mke, mume au dada. Picha ikikaa kwenye simu ileile inayokwenda kwa fundi, hujahifadhi kitu. Asiyependa kuandika apige skrinshoti za orodha nzima ya programu na kuzituma vilevile. Ni dakika moja, ingawa skrinshoti haitakwambia kwamba WhatsApp ile inatumia laini ya mama.

Kasoro ya daftari ni kwamba majina hubadilika. Aliyeandika "Tigo Pesa" mwaka 2023 na kuitafuta leo atakuta kampuni imekuwa Yas tangu Novemba 2024 na huduma inaitwa Mixx by Yas. Twitter nayo imekuwa X. Kwa hiyo ukurasa usiwe wa kuandikwa mara moja na kusahaulika. Upitie kila unapoweka programu ya maana.

Imeili iliyo kwenye simu yako ni ya nani?

Simu ya Android haihifadhi orodha ya programu hewani. Inaihifadhi ndani ya akaunti ya Google, yaani imeili ile iliyoingizwa siku ya kwanza simu inawashwa. Mwenye akaunti ndiye mwenye orodha.

Sasa fikiria simu nyingi zinavyonunuliwa. Mama anafika dukani Kariakoo au kwenye kibanda cha Tandika, analipa, kijana wa dukani anamfungulia simu palepale ili amwonyeshe kamera. Simu inadai akaunti. "Mama, una imeili?" Mama hana. Kijana anatengeneza moja kwa sekunde chache, jina la mama na tarakimu zozote, nenosiri analolijua yeye, anaweka, WhatsApp inapakuliwa, mama anaondoka anatabasamu. Au mbaya zaidi, anaweka imeili ya duka ambayo imeshaingia kwenye simu za wateja chungu nzima. Miaka miwili baadaye simu inaflashiwa, inawaka, na inadai akaunti ileile ya awali. Huo ni ulinzi uliowekwa tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 ili mwizi asinufaike na simu aliyoifuta. Hauwezi kutofautisha mwizi na mama asiyejua imeili yake.

Fundi atakwambia anaweza "kutoa akaunti," na kweli wapo wanaoweza, kwa malipo. Lakini anachokirudisha ni simu tu. Orodha ya programu, majina ya watu yaliyokuwa humo, na nakala ya kila kitu, vimebaki kwenye imeili ambayo hakuna anayejua inafunguliwaje.

Hakikisha leo, simu ikiwa nzima. Ingia Mipangilio, kisha Google. Juu kabisa utaona imeili. Jiulize: naijua? Nenosiri lake ninalo? Namba ya simu ya kuirejesha ni laini yangu ya sasa, au ni laini niliyoitupa? Kama hujui nenosiri ila simu bado imefunguliwa, una bahati: ukiwa ndani ya simu ileile unaweza kuomba nenosiri jipya na mara nyingi Google itakubali kukuthibitisha kwa kufuli ya skrini au kwa meseji. Simu ikishafutwa, nafasi hiyo inakuwa finyu sana. Badilisha nenosiri, weka namba yako, na nenosiri liandike kwenye karatasi nyingine, mbali na ule ukurasa wa programu, likae na hati zako za nyumbani.

Ukikuta imeili ni ya duka au ya mtu usiyemjua, ongeza akaunti yako mwenyewe leo hii, halafu uichague kuwa ndiyo ya kuhifadhia nakala. Ile ngeni iondoe baada ya hapo.

Kwa nini simu haijihifadhi yenyewe

Akaunti ikiwa yako, kazi inayobaki ni swichi moja. Mipangilio, kisha Google, kisha Hifadhi nakala (kwenye simu nyingine hupatikana chini ya Mfumo, majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu na simu). Washa. Tangu hapo simu inapaswa kupeleka Google orodha ya programu zako, mipangilio, meseji, na kwa programu zilizoruhusu, kiasi kidogo cha data za ndani, kisichozidi megabaiti 25 kwa kila programu.

Inapaswa. Utaratibu huu uliundwa na watu wenye waifai nyumbani. Simu hujihifadhi yenyewe ikiwa imetulia bila kutumika, iko kwenye chaji, na imeunganishwa na waifai. Mkazi wa Charambe anayeishi kwa bando la siku hana waifai, na anachaji simu huku anaangalia mpira. Masharti hayo matatu hayakutani kamwe. Ndiyo maana unaweza kukuta swichi imewashwa tangu simu iko mpya, na chini yake pameandikwa kwamba nakala ya mwisho ni ya miezi mingi iliyopita, au haijawahi kuwapo kabisa. Angalia tarehe hiyo. Hiyo ndiyo habari, swichi siyo.

Dawa ni kubonyeza mwenyewe: Hifadhi nakala sasa. Simu ikikuuliza kama itumie data ya mtandao, kubali, ila kwanza uzime kuhifadhi picha na video, kwa sababu hizo ndizo zinazomeza bando. Orodha ya programu, mipangilio na majina ni vitu vyepesi. Ikikataa kabisa bila waifai, omba hotispoti ya simu ya mtu wa karibu, au fanya ukiwa kazini, kanisani, chuoni, popote penye waifai ya kuaminika. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi, na kila mara kabla simu haijaenda kwa fundi.

Zingatia na hili: simu isipotumika kwa siku 57, Google huifuta nakala yake. Simu iliyovunjika kioo ikawekwa kabatini ikisubiri hela ya kioo kipya, siku hizo hukimbia bila wewe kujua. Kama huna mpango wa kuitengeneza karibuni, tafuta simu nyingine, hata ya kuazima, uingie kwa akaunti yako na kuiangalia orodha yako kwa njia ifuatayo.

Play Store ina kumbukumbu yake, tofauti na nakala ya simu. Bonyeza picha yako juu kulia, nenda Dhibiti programu na kifaa, kisha Dhibiti. Pale pameandikwa zilizosakinishwa; badilisha uchague ambazo hazijasakinishwa. Utaletewa kila programu uliyowahi kuipakua kwa akaunti ile, tangu simu ya kwanza. Unaweza kuzitia tiki kadhaa na kuzipakua kwa mkupuo. Ni msaada mkubwa kwa aliyepoteza kila kitu, lakini inachosha: humo mna michezo ya magari aliyopakua mtoto, tochi za mwaka 2017, na kibodi za rangi ulizozijaribu jioni moja. Hapo ndipo ukurasa wa daftari unapokuwa na maana, kwa kuwa unakwambia zipi ulikuwa unazitumia kweli.

Kwa mwenye kompyuta, au mwenye kijana wa chuo nyumbani, ipo njia ya kupata orodha safi isiyo na longolongo. Kwenye mipangilio ya simu gonga namba ya muundo (Build number) mara saba, washa utatuzi wa USB, chomeka waya, na kwenye kompyuta yenye zana ya adb andika:

adb shell pm list packages -3 -i > orodha.txt

Utapata faili la maandishi lenye programu ulizoziweka tu, bila za kiwandani, na mbele ya kila moja jina la duka lililoileta. Zilizotoka Play Store zitasomeka com.android.vending. Zisizosomeka hivyo ndizo za kuzitolea macho. Majina humo ni yale ya ndani, ambayo hayadanganyi kama picha ya nje: WhatsApp halisi ni com.whatsapp, ya biashara ni com.whatsapp.w4b, na ukikuta com.gbwhatsapp ujue ni ile ya vichochoroni. Ukimaliza, zima utatuzi wa USB.

Nimeitaja hiyo GB WhatsApp kwa sababu bado inapendwa mtaani. Haimo Play Store, hivyo haitarudi na nakala. Mazungumzo yake hayaendi kwenye akaunti ya Google kama ya WhatsApp yenyewe. Na WhatsApp huzifungia namba zinazoitumia. Kama namba yako ni ya biashara, hamia kwenye halisi kabla simu haijaharibika, siyo baada.

Kumkabidhi fundi

Toa laini zote, hata kama fundi anasema hazimsumbui. Laini ndiyo inayopokea zile meseji za namba sita, na mwenye laini ndani ya simu iliyo wazi ana nusu ya funguo zako. Toa na kadi ya kumbukumbu. Fundi akihitaji kufungua skrini ili ajaribu kioo au spika, mfungulie wewe mwenyewe ukiwapo, au weka mchoro wa muda utakaoubadilisha baadaye. Wengi wa mafundi wetu ni watu waaminifu na hawatachukia. Wanajua kesi za wateja wanaorudi na lawama, na laini ikiwa mfukoni mwako lawama hiyo haipo.

Muulize kabla hajagusa kitu: tatizo linaweza kutengenezwa bila kuflashi? Kioo, chaji na betri havihitaji kufuta chochote. Kuna wanaoflashi kwa mazoea.

Kurudisha, kwa mpangilio

Simu mpya au iliyosafishwa ikishawaka, usikimbilie TikTok. Laini kwanza. Kama iliibwa pamoja na simu, piga 100 kwa simu nyingine yenye laini ya mtandao huohuo, ifungwe, kisha uende dukani na namba ya NIDA na kidole chako uirudishe. Hapo kuna jambo linalowatia watu hofu bure: pesa haimo ndani ya programu. Salio liko kwa mtandao au benki, na menyu za nyota zinafanya kazi hata kwenye kitochi. *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. NMB ni *150*66# na CRDB *150*03#. Kodi ya nyumba ikidaiwa usiku huo, lipa kwa nyota na reli, programu itasubiri kesho.

Pili, akaunti ya Google. Simu wakati inaanzishwa itakuuliza kama unataka kunakili programu na data kutoka kwenye nakala ya zamani. Watu huwa na haraka, wanabonyeza ruka, ruka, ruka. Usiruke. Kwa simu nyingi ukishapita hapo hakuna kurudi nyuma ila kwa kuifuta simu upya. Chagua nakala yenye jina la simu yako ya zamani na tarehe ya karibuni, fungua orodha ya programu, na uondoe tiki kwa zile usizozihitaji.

Kuna mtego mmoja hapa kwa wanaonunua simu iliyokwishatumika. Nakala iliyotoka kwenye Android ya juu haikubali kushuka kwenye Android ya chini. Ukiibiwa simu ya mwaka jana, ukajishikiza na ya miaka mitano nyuma, nakala yako inaweza isionekane kabisa. Haijapotea, inasubiri simu ya kiwango chake, ila zile siku 57 nazo zinahesabika. Kwa wakati huo tumia orodha ya Play Store, ambayo haijali toleo, mradi programu yenyewe inakubali simu hiyo.

Baada ya kuchagua, picha za programu zitatokea zikiwa za kijivu, hazifunguki. Simu inasubiri waifai. Ingia Play Store, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, uiruhusu kupakua kwa mtandao wowote; lakini kabla ya hapo sitisha zile nzito, maana zote zikishuka kwa pamoja bando la siku halitafika adhuhuri. Mimi ningeshusha za pesa na WhatsApp mchana, na za video na michezo ningeziacha kwa bando la usiku. Kama simu ya zamani bado inawaka, Play Store yenyewe ina sehemu ya kutuma na kupokea programu kati ya simu mbili zilizo karibu bila kula bando. Naipendelea kuliko Xender, kwa sababu programu nyingi siku hizi zimegawanywa vipande, na ukizirusha kwa njia za zamani zinagoma kusakinishwa. Wenye Samsung wana Smart Switch, ambayo huhamisha orodha nzima na vingi vya ndani.

WhatsApp ina desturi zake. Nakala yake ya mazungumzo hukaa kwenye akaunti ya Google kama uliiwasha ndani ya WhatsApp yenyewe, na siku hizi inahesabiwa kwenye zile gigabaiti 15 za bure. Nafasi ikijaa video za makundi ya harusi, nakala husimama kimyakimya. Ukiingiza namba yako kwenye simu mpya itakuuliza kama irudishe mazungumzo. Hapo pia usiruke. Na kama uliwahi kuweka namba ya siri ya hatua mbili ukaisahau, bila imeili ya kuirejesha utasubiri siku saba. Iandike imeili hiyo mapema.

Programu za benki nyingi hazikubali kuhama kimyakimya. Zitataka laini iwe ndani ya simu hiyo, zitume meseji, na nyingine zitakuuliza namba ya kadi. Kadi ya benki iwe karibu kabla hujaanza. Ukiona programu ya benki inaomba uingize namba ya siri ya laini yako ya pesa, simama. Umepakua isiyo yenyewe.

Zisizostahili kurudi

Orodha mpya ni nafasi ya kuchuja. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni. Wengi waliokopa huko wanajua walivyokosa raha: programu inaomba kusoma majina yote kwenye simu, na siku ya kuchelewa meseji za kukuaibisha zinamfikia hadi baba mkwe. Zikiwamo kwenye daftari lako, zipige mstari. Kuiondoa programu hakufuti deni, hilo ni kweli, lakini kutoirudisha kunazuia isisome majina ya simu mpya. Hata kwa programu halali, simu mpya itauliza ruhusa upya, moja moja. Tochi haina kazi na majina ya watu.

Kwa mwenye iPhone maelezo ni mafupi. Orodha ya kila alichowahi kupakua iko App Store chini ya picha yake, pamoja na kichujio cha zile zisizo kwenye simu hiyo. iCloud humpa gigabaiti 5 bure, ambazo picha huzimaliza mapema, kwa hiyo azime picha ndani ya nakala ili orodha na mipangilio vipate nafasi. Shida ni ileile ya akaunti: iPhone nyingi za Kariakoo zimetoka Dubai zikiwa zimeshatumika, na nyingine bado zimefungwa na mmiliki wa kwanza.

Hilo linahusu na Android zilizokwishatumika. Kabla hujatoa hela, tuma IMEI kwenda 15090 uone simu inatambulika kwa jina gani na kama ni halali. Kisha mwombe muuzaji aondoe akaunti yake kwenye Mipangilio na aifute simu mbele ya macho yako, iwake upya hadi pale inapokaribisha. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, mrudishie simu, hata kama amepunguza bei.